Ndege za rimoti zilizopotea: utafutaji wake Kilwa na pwani ya Lindi

Kutafuta ndege ya rimoti iliyopotea ni kazi ya kuifuatilia ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, iwe ya kuchezea, ya kupigia picha au ya kupimia ardhi, baada ya kukatika kwa mawasiliano kati yake na anayeiongoza. Kazi hiyo hutegemea kifaa kilichofungwa kwenye ndege kabla haijaruka: king'ora, kirusha mawimbi kidogo cha redio, au kifaa cha GPS kinachotuma mahali kilipo kwa njia ya simu. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mikoko, bamvua na mtandao wa simu usiofika kila mahali ndivyo vinavyoamua kifaa kipi kina faida na kipi ni pambo.

Anayerusha ndege hizi huku mara nyingi yuko kazini: anachora ramani, anahesabu mikoko, anapiga picha za magofu. Watanzania wengi huziita ndege nyuki kwa ule mlio wake, ingawa jina hilo linazifaa zaidi zile za panga nne. Tofauti ya maumbo ina maana kubwa kwa mtafutaji. Ndege ya panga ikiishiwa nguvu huanguka karibu na pale ilipokuwa. Ndege ya mabawa huendelea kuelea, upepo ukiisukuma, na huweza kutua mbali sana na macho ya mwenyewe. Za mabawa ndizo zinazofaa kupima maeneo mapana: mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar ulioanza mwaka 2016 ulitumia eBee, ndege ya bawa la povu isiyofika kilo moja, inayorushwa kwa mkono. Povu lina heri yake baharini, kwani huelea. Kilichomo ndani yake hakiwi salama kiasi hicho.

Mahali penyewe

Kutoka delta ya Rufiji kuelekea kusini, ufuko umekatwa na vinywa vya mito: Matandu karibu na Kilwa Kivinje, Mavuji unaoingia katika ghuba ya Kilwa Masoko, Mbwemkuru, kisha Lukuledi unaofika baharini Lindi mjini. Kila kinywa kina mikoko. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, na msitu wa mikoko wa Rufiji pekee ni miongoni mwa mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki.

Ukitazama kutoka juu, msitu huo ni zulia la kijani. Ukiingia ndani, kila mti una tabia yake. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na mtu hupita kwa kuinama na kuchuchumaa. Mchu na mlilana huchomoza vipumulio kutoka kwenye matope, vigumu vya kutosha kuchana kandambili. Ndege yenye mabawa ya mita moja ikipenya majani ya juu hujifunika, na mtu anaweza kupita chini yake hatua tano asiione.

Upepo nao una zamu zake. Kusi, kati ya Aprili na Septemba, huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili, kwenye ufuko unaotazama mashariki, huelekea kuisukuma ndege upande wa bara. Wa kuogopwa ni umande, upepo mwepesi wa alfajiri utokao bara kwenda baharini. Wageni hupenda kurusha asubuhi na mapema kwa sababu hewa imetulia na mwanga ni mzuri, bila kujua kwamba injini ikizimika saa hiyo ndege inakwenda Bahari ya Hindi.

Asili ya ufundi huu

Ndege iliyoanguka huku ikituma ishara si habari mpya katika ukanda huu. Oktoba 1914 Waingereza waligundua kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Ilikuwa imefunikwa na mikoko kiasi kwamba ilibidi kuletwa ndege za kuitazama kutoka juu. Tarehe 11 Julai 1915 ndege aina ya Henri Farman, iliyorushwa na Cull akiwa na Arnold kama mtazamaji, ilikuwa ikielekeza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey kwa redio iliyoweza kutuma tu bila kupokea. Ilipigwa. Wakati inashuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha pamoja na taarifa kwamba wanaanguka, na mashua ya Mersey ikawaokoa mtoni. Mambo mawili ya msingi yalikuwapo tayari siku ile: chombo kinachoanguka kitume chenyewe habari zake, na awepo mtu wa karibu anayesikiliza.

Ndege za kuchezea zilifuata baadaye. Ndugu wawili wa Kimarekani, Walter na William Good, walirusha mwaka 1937 ndege yao Guff, mojawapo ya za kwanza kuongozwa kwa redio kwa mafanikio. Wenzao waliorusha ndege zisizoongozwa kabisa walikuwa na shida kubwa zaidi: ikinaswa na hewa ya moto inayopanda, ndege ilipotelea mawinguni. Wakabuni utambi unaoungua taratibu na kukata uzi, mkia ukainuka na ndege ikashuka. Baada ya utambi vikaja virusha mawimbi vidogo, jamaa wa vile vinavyofungwa kwa ndege wa kuwindia na wanyama wa porini. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania na shirika la uhifadhi la WWF zilitangaza mpango wa kuwavisha kola za setilaiti tembo 60 wa Selous, pori ambalo sehemu yake iko ndani ya mkoa wa Lindi. Kola ya tembo na kitafutio cha ndege vinajibu swali lile lile, ila tembo ana nafasi ya kubeba betri kubwa.

Vifaa

King'ora ndicho rahisi kuliko vyote. Hukaa kimya ndege ikiwa hewani na kuanza kulia ishara ya rimoti inapokatika. Chenye betri yake kinafaa. Kinachotegemea betri kuu ya ndege ni bure, kwa sababu betri kuu ndiyo ya kwanza kuchomoka ndege ikigonga mti. Kasoro ya king'ora ni kwamba kusi ikivuma na majani yakichakarisha, sauti haifiki mbali. Jioni upepo unapopungua husikika vizuri zaidi.

Vitufe vya Bluetooth vinavyouzwa kwa ajili ya funguo na mabegi havifai hapa. Havina GPS ndani yake. Hungoja simu ya mpita njia iwe karibu, ndiyo itoe taarifa. Katikati ya mikoko ya Matandu mpita njia ni kaa.

Kifaa cha GPS chenye laini ya simu ni hadithi nyingine. Ukikitumia ujumbe mfupi, kinajibu kwa namba za latitudo na longitudo, na palipo na mnara ni vigumu kukishinda. Kinachokwamisha ni mtandao, na pia maji: kikilazwa kifudifudi kwenye tope hakioni setilaiti wala mnara. Namba zenyewe zinataka uangalifu. Tarakimu nne baada ya nukta hukufikisha ndani ya mita kama 11, tano ndani ya mita moja hivi, ingawa GPS ndogo chini ya majani yenyewe hukosea kwa mita kadhaa. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau alama hiyo, simu inakupeleka nyanda za juu za Ethiopia, mashariki ya Addis Ababa.

Ndege nyingi za siku hizi hutuma mahali zilipo kwenye rimoti muda wote zinaporuka. Namba za mwisho kabla ya kimya ndizo mali ya kwanza ya mtafutaji, na kama picha za kamera zilikuwa zinarekodiwa chini, zitazamwe kabla ya mtu kuondoka alipo. Ndege ya mabawa iliyopoteza mawasiliano ikiwa juu mita 100 bado ina safari mbele yake.

Kifaa kinachostahili sifa kuliko vyote kwa pwani hii ni kirusha mawimbi cha redio cha kawaida, kisichohitaji mnara wala setilaiti. Hutoa mlio mfupi kila baada ya sekunde chache, jambo linaloifanya betri ndogo idumu siku nyingi. Vingi hutumia masafa ya karibu megahezi 433. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 69, kwa hiyo antena yake ni waya wa sentimita 17 tu. Majani mabichi huyapunguza mawimbi hayo kidogo kuliko yanavyoyapunguza yale ya gigahezi 2.4 ya rimoti nyingi. Maji ya chumvi, hata hivyo, huyameza ndani ya sentimita chache. Ndiyo maana kifaa hufungwa mgongoni mwa bawa au juu ya mkia, waya ukitazama angani.

Vipo pia vifaa vya dharura vya megahezi 406 vinavyosikilizwa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mpango uliookoa watu wake wa kwanza Septemba 1982 baada ya ndege kuanguka Kanada. Hivyo ni kwa ajili ya roho za watu: meli, mashua na ndege zenye abiria. Kukifunga kwenye ndege ya rimoti ni kuwaamsha waokoaji kwa jambo lisilowahusu.

Kutafuta mikokoni

Jambo la kwanza, kabla ya kusogea, ni kusimama palepale ndege ilipoonekana mara ya mwisho na kupiga dira kuelekea huko. Alama ya mbali iwekwe akilini: mnazi uliopinda, mnara, nguzo. Kosa la nyuzi 5 kwa umbali wa kilomita moja ni mita 87 pembeni, na mita 87 za mikoko ni kazi ya asubuhi nzima.

Kisha maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kilele cha kupwa huangukia karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mtafutaji huingia maji yakiwa yanatoka, wala hangoji yakauke, ili apate muda wa saa tatu au nne kabla hayajarudi. Siku za maji mafu tope halikauki vizuri, lakini mkondo una nguvu kidogo na ndege inayoelea haisogei sana. Ndege iliyoangukia kwenye mkondo wakati wa kupwa itafutwe kwa mtumbwi upande wa mdomo wa mto. Mito ya huku ina mamba na viboko, na mwenyeji anayejua kona zao ni wa lazima kuliko kipokezi cha redio chenyewe.

Kipokezi huja na antena ya Yagi, ile yenye vijiti sambamba iliyobuniwa na Wajapani Uda na Yagi miaka ya 1920. Hushikwa mbele na kuzungushwa taratibu; mlio ukizidi, dira husomwa na mstari kuchorwa kwenye ramani. Mstari wa pili hupigwa kutoka mahali pengine, mbali kiasi cha kutosha mistari kukatana kwa pembe pana. Mistari miwili isipokatana vizuri, piga wa tatu. Katika mikoko mawimbi hugonga maji na mashina yakarudi, kwa hiyo dira ya kwanza hupigwa juu ya tuta au kwenye mashua katikati ya mkondo.

Ukifika ndani ya mita kama 50, mlio hujaa pande zote na antena haikuambii kitu. Hapo Yagi huondolewa, kipokezi hushikwa kifuani na mtafutaji hugeuka mzimamzima. Mwili wa mtu, ukiwa maji kwa sehemu kubwa, huzuia mawimbi. Mlio ukififia kabisa, ndege iko mgongoni kwako. Wenye uzoefu husogeza pia masafa ya kipokezi pembeni kidogo ili kisikie kwa shida, kisha hutembea wakifuata kinapopata nguvu. Hatua za mwisho ni za macho, na hutazama juu: ndege nyingi hukutwa zimetundikwa matawini.

Kimya hakimaanishi kwamba betri imekwisha. Mara nyingi kifaa kiko chini ya maji, na mlio hurudi yakipwa. Anayekata tamaa saa kumi jioni ya bamvua, maji yakiwa yamejaa pomoni, amekata tamaa saa mbaya kuliko zote.

Betri ya lithiamu iliyolowa maji ya bahari isichajiwe tena wala kuwekwa ndani ya gari. Inaweza kuwaka saa nyingi baadaye.

Ruhusa

Urushaji husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) chini ya kanuni za mwaka 2018, na masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS): tawi halikatwi ili kuiteremsha ndege. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, yalikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014 kutokana na kubomoka kwa kuta. Ndege iliyotua juu ya Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa huachwa hapo hadi walinzi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) waelekeze namna ya kuitoa, hata kama king'ora kinalia.

Mwisho, kitafutio kisichohitaji betri. Wavuvi, wakata chaza na akina mama wanaochokora pweza kwenye miamba ya Songosongo huwa ufukweni kila maji yakipwa, na mara nyingi wao ndio wanaoiona ndege kwanza. Andika juu ya bawa, kwa Kiswahili na kwa wino usiofutika, namba ya simu, ahadi ya zawadi na onyo kwamba betri isitobolewe.