Wadudu wa mtoni wafichuavyo uchafuzi wa maji

Mto unaweza kuonekana safi asubuhi ilhali usiku uliotangulia taka za kiwanda zilimwagwa humo. Afisa afikaye saa nne na chupa yake huchota maji, huyapeleka maabara, na majibu huonyesha kuwa hayana kasoro. Maji yaliyobeba uchafu yamekwisha kwenda zake.

Hata hivyo, wapo wakazi wa mto ambao hawakuweza kuepa. Wadudu wachanga, kaa, konokono, ruba na minyoo hukaa chini ya mawe na katikati ya mizizi kwa majuma na hata miezi. Sumu ikipita, wale dhaifu hufa au huchukuliwa na mkondo, na nafasi zao hazijazwi kwa siku moja. Ndiyo maana wataalamu wa mazingira huwachunguza wanyama hawa wasio na uti wa mgongo wanapotaka kujua mto umepitia nini, wala si ulivyo siku hiyo tu.

Mbinu hii si ngeni. Wajerumani Kolkwitz na Marsson waliieleza mwanzoni mwa karne ya 20, walipoonyesha kwamba kila kiwango cha uchafu wa maji machafu ya miji huambatana na viumbe wake. Uingereza ilibuni mfumo wake wa alama katika miaka ya 1970. Kutokana na mfumo huo, Afrika Kusini ilitengeneza wake, ujulikanao kwa kifupi kama SASS, na wataalamu wa Tanzania wakachapisha wa kwao, TARISS, mwaka 2015.

Mfumo ulio rahisi zaidi kwa shule na vikundi vya vijijini ni miniSASS, uliotolewa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Badala ya kutambua mamia ya spishi, mpimaji huhitaji kutofautisha makundi 13 pekee. Vifaa vyake ni wavu mdogo, beseni au sinia nyeupe, kioo cha kukuza na buti za mpira.

Mpimaji huingia mtoni, akashika wavu upande maji yanakoelekea, kisha akayasugua mawe kwa mikono au kuyavuruga kwa miguu ili viumbe waangukie wavuni. Hufanya vivyo hivyo katika majani ya ukingoni na katika mchanga, kwa muda wa dakika tano hivi. Kinachopatikana humwagwa katika sinia nyeupe yenye maji kidogo. Hapo ndipo subira hutakikana, kwani mwanzoni huonekana takataka tupu. Baada ya dakika moja au mbili, kijiti huanza kutembea na kipande cha jani huogelea.

Kila kundi lina alama yake kulingana na linavyoathiriwa na uchafu. Alama ya juu kabisa, 17, hupewa mdudu ambaye kwa Kiswahili hana jina lililoenea, na ambaye anaweza kuitwa mdudu wa mawe. Ni bapa, ana mikia miwili, na huishi katika maji baridi yaendayo kasi. Mdudu huyu huhitaji oksijeni nyingi, na hiyo ndiyo hupungua kwanza pale kinyesi, maganda ya kahawa au maji ya kichinjio yanapooza mtoni, kwa kuwa bakteria wanaoozesha uchafu huo huitumia.

Wanaofuata ni wadudu wenye mikia mitatu kwa kawaida na matamvua tumboni, ambao wakishaota mabawa huishi siku moja au mbili tu. Wengi wao hupewa alama 11, ila jamaa zao wadogo waogeleao kama vidagaa hupewa 5 kwa sababu ni wavumilivu zaidi. Wajenzi wa vijumba vya mchanga na vijiti hupata 9. Kaa na kereng'ende hupata 6 kila kundi, mbawakawa na kunguni wa maji 5, konokono na kereng'ende wembamba 4, minyoo bapa 3. Mwishoni wamo ruba, minyoo ya kawaida na mabuu ya nzi na mbu, wote wakiwa na alama 2.

Miongoni mwa hao wa mwisho yumo buu mwekundu apatikanaye katika matope meusi. Wekundu wake hutokana na himoglobini, ile ile iliyomo katika damu ya binadamu, ambayo humsaidia kuikamata hata oksijeni haba iliyosalia.

Idadi ya wanyama haihesabiwi. Linaloangaliwa ni kama kundi lipo au halipo. Tuseme sehemu ya juu ya kijito ina mdudu wa mawe, wenye mikia mitatu, wajenzi wa vijumba, kaa na kereng'ende. Jumla ni 49, ikigawanywa kwa makundi matano inakuwa 9.8. Chini ya soko, sinia ikionyesha minyoo, ruba, mabuu ya nzi na konokono, jumla ni 10, na wastani ni 2.5. Hakuna haja ya kuuliza kilichotokea kati ya sehemu hizo mbili. Haja ni kwenda kukitafuta.

Mto Nairobi ungefaa sana kwa zoezi la namna hii. Huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukakatiza jijini, ukapita karibu na jaa la Dandora na hatimaye kuingia Mto Athi, ambao hubadilika majina kuwa Galana na Sabaki kabla ya kufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo, kinachomwagwa jijini si shida ya wakazi wa jiji peke yao.

Matokeo, hata hivyo, yataka kusomwa kwa busara. Kijito cha nyanda za chini chenye mchanga na maji ya vuguvugu hakitarajiwi kuwa na mdudu wa mawe hata kikiwa safi, na ndiyo sababu mito ya mawe na ya mchanga hupimwa kwa viwango tofauti. Kupima mara baada ya mafuriko nako hupotosha. Si kila upungufu wa oksijeni ni kosa la binadamu pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko katika Mto Mara, maji yanapofurika na kukisukuma, huweza kuua samaki.

Kuwajua wanyama hawa kumewahi kuwafaa Wakenya kwa njia nyingine. Mabuu ya usubi aina ya Simulium neavei, aliyekuwa akieneza upofu wa mtoni magharibi mwa nchi, yalitafutwa kwa muda mrefu kwenye mawe na majani bila kuonekana. Mwaka 1950 ilitangazwa kwamba yamegunduliwa yakiwa yamejibandika juu ya kaa. Usubi huyo aliangamizwa nchini kwa DDT iliyotiwa mitoni katika miaka ya 1940 na 1950, dawa ambayo ni sumu kwa wadudu wengine wa majini vilevile.

Nchi kavu nayo hupimwa kwa mikebe iliyofukiwa usawa wa ardhi ili siafu na mbawakawa watumbukie, au kwa kuhesabu vipepeo, ambao msitu wa Kakamega unasifika kwao.

Ikumbukwe kwamba alama nzuri haimaanishi maji yanafaa kunywewa. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havimsumbui mdudu wa mawe. Vilevile, konokono wa maji yaliyotulia huweza kubeba kichocho, hivyo buti si pambo, na penye mamba au viboko haingiwi kabisa.

Hesabu ikiisha, wanyama hurudishwa mtoni wakiwa hai, pale pale walipotolewa, isipokuwa wachache watiwao katika spiriti ili wataalamu wa makumbusho wathibitishe majina yao.