Sindano za Kichocho katika Bonde la Naili

Mwaka 1910 tabibu Marc Armand Ruffer, aliyekuwa akichunguza maiti za Misri zilizohifadhiwa tangu zama za Mafirauni, aliona ndani ya figo zao mayai ya mnyoo wa kichocho, yamekauka lakini umbo lake li kamili baada ya miaka ipatayo elfu tatu. Na kwa ushahidi huo ikathibiti kwamba maradhi haya, ambayo watu wa mwambao wetu huyajua kwa mkojo wa damu wa watoto waogao mabwawani, yamekaa na wakulima wa bonde la Naili kizazi baada ya kizazi. Mnyoo mwenyewe alikwisha kutambuliwa mjini Cairo mwaka 1851 na Mjerumani Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini. Na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akabainisha, huko huko Misri, kwamba mnyoo huyo hawezi kumwingia mwanadamu ila amekwisha kupita mwilini mwa konokono wa maji baridi, ndipo atoke, aelee majini, na kupenya ngozi ya kila ajaye kuoga, kufua, kuvua au kumwagilia shamba. Habari za mnyoo zimeandikwa na wengi. Nitakayoyasimulia hapa ni ya dawa yake, kwa kuwa katika tarikhi ya dawa hiyo umo msiba mkubwa uliotokana na nia njema, na msiba huo wafaa ujulikane kwa kila anayempa mwenzake dawa ya minyoo na kwa kila anayeimeza.

Kabla ya mwaka 1918 kichocho hakikuwa na tiba ya kutegemewa. Ndipo John Brian Christopherson, tabibu wa hospitali ya raia mjini Khartoum, aliyezoea kutumia chumvi ya antimoni kwa wagonjwa wa maradhi mengine, alipowadunga chumvi hiyo wagonjwa wa kichocho, akaona damu ikikoma katika mikojo yao, akayatangaza matokeo hayo katika jarida la The Lancet. Furaha ilikuwa kubwa, walakini dawa yenyewe ilikuwa kali. Antimoni ni madini yenye sumu, na chumvi ile Wazungu walikuwa wameitumia kwa muda mrefu kumtapisha mgonjwa. Haikufaa kudungwa katika nyama, maana ilipovuja nje ya mshipa iliichoma nyama na kuiozesha. Ilibidi ipitishwe ndani ya mshipa wa damu, polepole sana, na mgonjwa arejee wiki baada ya wiki kwa sindano kumi na mbili au zaidi, huku akikohoa, akitapika na kuumwa na viungo, na tabibu akiuchunga moyo wake, kwa sababu walikuwako waliokufa ghafla wangali mikononi mwa waganga wao. Mgonjwa wa namna hiyo alihitaji kitanda, utulivu, na mtu wa kumtazama.

Serikali ya Misri iliipokea tiba hii kwa bidii, na ilikuwa na sababu. Mabwawa na mifereji iliyojengwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ilileta maji mashambani mwaka mzima, mahali ambapo zamani yalikuja kwa msimu wa mafuriko tu, na konokono akapata makazi ya daima karibu na kila kijiji. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, dola mpya ilipoazimia kumfikishia mkulima ardhi, shule na tiba, kazi ya kudunga ilipanuliwa kupita kiasi kilichojulikana hapo kabla, na tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikatolewa sindano kwa mamilioni, mijini na vijijini. Hapo ndipo ile tiba ya kitandani ilipogeuzwa kuwa tiba ya foleni. Mgeni aliyetembelea zahanati moja katika miaka ya 1960 alimshuhudia daktari hodari akiwadunga watu zaidi ya 500, wanaume, wanawake na watoto, kwa muda usiotimia saa nzima. Na kila bomba la sindano lililotoka kwa mtu liliwekwa katika trei, likasuuzwa, likachemshwa dakika moja au mbili, likajazwa dawa upya na kurudi kazini. Mabomba yalikuwa ya kioo, yenye thamani, wala yale ya plastiki ya kutumiwa mara moja na kutupwa hayakuwa yameenea.

Katika damu iliyosalia ndani ya mabomba hayo kilikuwamo kisichoonekana. Kirusi cha homa ya ini aina ya C hakikutambuliwa na wataalamu mpaka mwaka 1989, na kwa hivyo hakuna awezaye kuwashitaki matabibu wa Misri kwa kutokijua. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba hapakuwa na onyo lolote, kwa kuwa tangu siku za vita vikuu vya pili ilikwisha kujulikana kwamba ugonjwa wa ini, ule uyafanyao macho kuwa ya manjano, huweza kuhama kutoka mtu hadi mtu kwa damu iliyobaki katika sindano. Onyo lilikuwako; haraka ndiyo iliyolishinda. Mwaka 2000 Christina Frank na wenzake waliandika katika jarida lile lile la The Lancet kwamba walipolinganisha umri wa watu na mahali walipokaa, waliona kuwa kadiri watu wa mahali fulani walivyodungwa zaidi kwa ajili ya kichocho, ndivyo kirusi kilivyozidi miongoni mwao. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta dalili za maambukizi hayo katika watu wapatao 15 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59, kiasi ambacho mataifa mengi hayakupata kukiona. Watu waliokwenda kutibiwa kibofu na utumbo walirudi makwao na ugonjwa wa ini, nao haukujidhihirisha ila baada ya miaka ishirini au thelathini.

Wapenzi wa muziki wa Misri, nao ni wengi Unguja ambako taarabu ina deni kubwa kwa Cairo, watamkumbuka mwimbaji Abdel Halim Hafez, mtoto wa mkoa wa Sharqia, aliyepatwa na kichocho utotoni, kikamharibu ini, akafariki mjini London tarehe 30 Machi 1977. Ingawa alikuwa na mali na matabibu wa kila nchi, ugonjwa wa mfereji wa kijijini haukumwacha.

Dawa iliyouondoa ulazima wa sindano ni prazikwanteli, iliyobuniwa na makampuni ya Kijerumani ya E. Merck na Bayer katika miaka ya 1970. Ni kidonge cha kumeza, kichungu mno, ambacho hukaza misuli ya mnyoo hata ashindwe kujishikiza, kisha huichubua ngozi yake, kinga ya mwili ikapata kummaliza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja; na kwa kuwa mizani haipatikani katika kila shule, Shirika la Afya Duniani likapitisha fimbo ya kupimia kimo, ambayo mtoto husimamishwa kando yake: aliyetimia sentimita 94 lakini hajafika 110 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 600, wa 110 hadi 125 kimoja na nusu, na kuendelea hivyo mpaka vitano kwa aliyepita 178. Naistahi fimbo hii kuliko zana nyingi za thamani, kwani humlazimisha mgawaji kumtazama kila mtu peke yake, jambo lililopotea katika foleni za Misri.

Walakini kidonge nacho kina masharti, na sisi wa Tanzania tumeyajua kwa uchungu. Mwaka 2008, katika mkoa wa Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo ya tumbo katika shule za msingi ulisitishwa baada ya watoto kuumwa, uvumi kuenea kwamba wametiliwa sumu, na wazazi kuzizingira shule kwa ghasia. Prazikwanteli ikiingia katika tumbo tupu huleta maumivu, kizunguzungu na kutapika kwa nguvu zaidi, na aliyebeba minyoo mingi husumbuka zaidi ya mwenye michache. Mambo haya hupita kwa saa chache, lakini mzazi ambaye hakuambiwa kabla atayajuaje? Kumlisha mtoto kwanza na kumweleza mzazi mapema ni sehemu ya tiba yenyewe, na palipokosekana mambo hayo mawili sioni haki ya kuwalaumu wazazi kwa ujinga.

Aidha, dawa hii haiwaui minyoo wachanga waliopenya karibuni, na kwa hivyo aliyepona huhitaji kutibiwa tena, hasa akirejea katika maji yale yale kama walivyorejea wakulima wa Naili. Kwa kulijua hilo, Unguja na Pemba, katika kampeni iliyoanza mwaka 2012, hazikutegemea vidonge peke yake. Katika baadhi ya shehia vilifuatana na kuwaua konokono, na katika nyingine na mafunzo ya kubadili mazoea ya kujisaidia na kuoga.

Lipo pia swali la nani asiimeze bila daktari. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, dawa hiyo huipunguza prazikwanteli katika damu mpaka ikakosa nguvu. Na mwenye viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ndani ya jicho hapewi kabisa, kwani vifapo humo huweza kumharibu macho. Wajawazito walinyimwa kwa muda mrefu kwa ajili ya tahadhari, hata mwaka 2002 washauri wa Shirika la Afya Duniani waliposema kwamba kuwaacha na kichocho kuna madhara makubwa zaidi. Watoto wadogo walingoja zaidi: vidonge vilisagwa na kukisiwa kwa ajili yao, au wakaachwa mpaka wafike umri wa shule, hali mama zao walikuwa wakiwaogesha katika maji yale yale, na ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2023 ndipo wakala wa dawa wa Ulaya alipotoa rai ya kuikubali namna mpya ya dawa hii, yenye kuyeyuka majini na isiyo na uchungu ule, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita.