Hesabu za Dhahabu Katika Nchi ya Fedha

Makampuni makubwa yenye makao yake ng'ambo yanapolalamika kwamba sarafu ya nchi fulani ya Kiafrika imeshuka, na kwamba faida yaliyoivuna katika nchi hiyo huyeyuka kabla ya kuwafikia wenye hisa, wasikilizaji wengi hudhani kuwa huo ni msiba wa zama hizi, uliozaliwa pamoja na benki kuu na masoko ya fedha za kigeni. Walakini mwambao wetu uliyaona hayo tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mtu atakaye kuyachungua kwa karibu hana haja ya kuanzia London wala New York. Na aanzie Ngao, kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya mto Tana, si mbali na Garsen, ambako kampuni, misheni na serikali zilikuja kwa zamu, kila moja na daftari yake, na kila moja ikakuta kwamba thamani ya sarafu iliyo mkononi mwake inaamuliwa na watu wasiopata kuuona mto huo.

Kabla ya wageni hao kufika, biashara ya Tana ya chini ilikuwa na mizani yake. Wapokomo walilima mpunga, mahindi na ndizi katika udongo ulioachwa na mafuriko, wakapakia nafaka katika mitumbwi na kushuka nayo hata Kau na Kipini, na kutoka huko majahazi yakaichukua kwenda Lamu; Waorma, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagalla, walileta ng'ombe na pembe za ndovu. Mpunga ulipimwa kwa pishi na kibaba, pembe kwa frasila, na malipo aghalabu yalikuwa nguo: shuka moja mikono minne, doti mikono minane, ya merikani isiyotiwa rangi. Muuzaji alisimama gatini akaitazama pishi ikijazwa hata ikawa na kichuguu juu, kisha mnunuzi akanyosha nguo kutoka kiwiko hata ncha ya kidole, na mkono wa nani utumike katika kupima lilikuwa jambo la kuzozaniwa kwa muda mrefu kuliko bei yenyewe. Katika mapatano ya namna hiyo sarafu ilikuwa mbali, wala kushuka kwake hakukumnyima mkulima usingizi.

Sarafu yenyewe ilikaa Lamu, mikononi mwa matajiri wa Kihindi na Waarabu. Ilikuwapo reale ya Maria Theresa, iliyopigwa chapa ya mwaka 1780 hata ikiwa imetoka katika mashine miaka 100 baadaye. Ilikuwapo rupia ya Bara Hindi, ambayo zaidi ya mbili zilihitajiwa kuifikia reale moja. Na zilikuwapo pesa za shaba kwa matumizi madogo ya sokoni. Reale na rupia zote mbili zilikuwa za fedha, na heshima yake ilitokana na uzito wake, si na ahadi ya mfalme. Maadamu fedha ilikuwa na thamani thabiti mbele ya dhahabu, mfanya biashara wa Lamu na mwenzake wa Hamburg waliweza kuelewana bila taabu.

Uthabiti huo ulivunjika baada ya mwaka 1871. Ujerumani, iliyokwisha ungana na kuishinda Ufaransa, iliiacha fedha na kushika dhahabu kuwa msingi wa sarafu yake mpya ya marka. Dola nyingine za Ulaya zikafuata. Na wakati uo huo migodi ya Marekani ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi usiokuwa na kifani. Kitu kilichozidi na kilichokataliwa hakina budi kushuka. Rupia, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikaribia shilingi mbili za Kiingereza, ilipofika mwaka 1894 ilikuwa haipati zaidi ya shilingi moja na peni moja au zaidi kidogo. Basi mtu aliyekusanya rupia 1,200 mwambaoni, ambazo zamani zingempa pauni 120 mjini London, sasa alipata pauni 65, ingawa rupia zake zilikuwa zile zile, kwa idadi na kwa uzito.

Katika miaka hiyo hiyo ya kuporomoka ndipo makampuni yalipoukimbilia mto Tana. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi mwaka 1885 kwa Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na serikali yao ikatangaza himaya juu ya nchi yake. Mwaka 1887 ikaundwa Kampuni ya Kijerumani ya Witu. Na mwaka uo huo wamisionari wa Neukirchen, wakiongozwa na Ferdinand Würtz, wakafungua kituo chao Ngao. Upande wa Waingereza, chama cha William Mackinnon, aliyekwisha tajirika kwa meli za British India, kilipata kwa Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, mwaka 1887 haki ya kuushika mwambao na forodha zake, na mwezi wa Septemba 1888 kikapewa hati ya kifalme kwa jina la Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hizi mbili ziligombania forodha ya Lamu hata shauri likapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyetoa hukumu mwezi wa Agosti 1889. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yakawatoa Wajerumani katika Witu, na mwaka uliofuata Kampuni ya Kiingereza ikaishika nchi hiyo pamoja na mdomo wa mto.

Na tuitazame sasa daftari ya kampuni hiyo. Mtaji wake ulitolewa kwa pauni za dhahabu; meli, bunduki, mishahara ya maofisa wake wa Kizungu na mashua ya mvuke iliyoitwa Kenia, ambayo mwaka 1891 ilipanda mto Tana kuupima kama unafaa kuwa njia ya biashara ya bara, vyote vilihesabiwa kwa pauni. Lakini mapato yake, yaani ushuru wa forodha za Mombasa, Malindi na Lamu, yaliingia kwa reale na rupia. Kampuni ilikuwa imejipigia hata rupia zake yenyewe, zenye jua lililovikwa taji na mwaka wa 1888, pamoja na pesa za shaba. Walakini kupiga sarafu ni jambo moja na kuimiliki thamani yake ni jambo jingine, kwani rupia ya Mombasa ilishuka hatua kwa hatua na rupia ya Bombay, kwa kuwa fedha ni fedha popote ilipo. Hivyo kila mwaka forodha ilihitaji kukusanya zaidi ili ilipe deni lile lile.

Ingekuwa dhuluma kwa historia kusema kwamba kushuka kwa fedha ndiko kulikoiua Kampuni. Iliuawa kwanza na gharama za Uganda, na misafara ya miguu iliyobeba kila kitu vichwani, na vita vya Witu visivyokwisha. Ila kampuni iliyokwisha dhoofika kwa matumizi haina nguvu za kustahimili hasara ya sarafu, na mwaka 1893 mambo mawili yalifuatana kwa karibu: mwezi wa Juni serikali ya Bara Hindi ilifunga viwanda vyake vya sarafu visipokee tena fedha ya watu binafsi, ili izuie rupia isizidi kuanguka, na mwisho wa mwezi wa Julai Kampuni ikajiondoa Witu. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1895, serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi yote, na Kampuni ikalipwa fidia ya pauni 250,000, ambazo 200,000 kati yake zilitoka katika mali ya Sultani wa Unguja, na 50,000 tu katika hazina ya Uingereza. Hapa msomaji na atue kidogo, maana jambo lenyewe limo humo: kampuni ilipata hasara, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ililipwa na maliki wa mwambao ambaye nchi ndiyo ilikuwa yake.

Pale Ngao upepo ule ule ulivuma kwa namna nyingine. Misheni ya Neukirchen iliishi kwa sadaka za Wakristo wa Ujerumani, zilizotolewa kwa marka ya dhahabu, na matumizi yake ya hapa, kama ujira wa wapagazi na waashi, yalikuwa katika nchi ya fedha. Basi kadiri fedha ilivyoshuka ndivyo sadaka ilivyonunua zaidi. Hata nguo ilibadili asili yake, kwa kuwa merikani na nguo za Manchester ziliuzwa na watu wenye dhahabu, na viwanda vya Bombay viliuza kwa rupia. Mnunuzi wa Lamu akaona nguo ya Kihindi ina nafuu, nayo ikazidi kuenea mwambaoni. Ndipo tunapojifunza kwamba kushuka kwa sarafu si hasara ya watu wote: ni hasara ya yule ambaye mapato yake yamo katika sarafu dhaifu na madeni yake katika sarafu yenye nguvu, na kinyume chake ni faida.

Rupia ilipata utulivu tangu mwaka 1898, ikafungwa kwa kiwango cha shilingi moja na peni nne, rupia 15 kwa pauni. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kutoza kodi ya nyumba, nayo ilitaka nakidi. Na hapo mkulima wa Tana, aliyekuwa akiishi kwa pishi na doti, akavutwa ndani ya hesabu ya sarafu pasipo kuulizwa. Athari yake ilionekana baada ya Vita Vikuu, safari hii kwa sababu sarafu ilipanda. Bei ya fedha iliruka, rupia ikavuka shilingi mbili mapema mwaka 1920, na serikali ikaifunga hapo hapo, ikatoa florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa rupia moja. Mlowezi aliyekopa rupia 1,500 benki, zilizokuwa pauni 100, akajikuta anadaiwa pauni 150. Na mazao yaliyouzwa London kwa pauni 100 yakampa rupia 1,000 badala ya 1,500. Walowezi na makampuni ya mashamba walipiga kelele, na dawa waliyoiona mwaka 1921 ilikuwa kukata mishahara ya wafanya kazi Waafrika kwa thuluthi, yaani kadiri ile ile waliyopungukiwa. Kodi ya nyumba, iliyokwisha pandishwa hata rupia 8, ikawa shilingi 16, hata ilipopunguzwa kuwa 12 mwaka 1922, baada ya malalamiko yaliyomfikisha kiongozi wake, Harry Thuku, kizuizini na kumwaga damu ya watu Nairobi. Kumbe sarafu ikishuka au ikipanda, mwenye daraja ya juu hutafuta wa chini yake ampe mzigo.

Misheni nayo ilionja zamu yake. Vita vilikwisha wafanya Wajerumani kuwa watu wa adui katika himaya ya Waingereza, na walipokuwa wakitazamia kurudia kazi zao, marka iliyokuwa ya dhahabu ikageuka karatasi: dola moja, iliyokuwa marka 4.2 mwaka 1914, mwezi wa Novemba 1923 ikawa marka trilioni 4.2. Sadaka ya mjane wa Neukirchen, aliyoiweka akiba kwa miaka, haikutosha kununua stempu.

Baada ya uhuru mchezo uliendelea kwa majina mapya. Shilingi ya Kenya ilitolewa mwaka 1966. Uingereza ilipoishusha pauni mwezi wa Novemba 1967, Kenya haikufuata. Lakini katika miaka ya 1980 ilibidi ishushe, na mwaka 1993, katika kashfa ya Goldenberg na kufunguliwa kwa soko la fedha za kigeni, dola iliyokuwa takriban shilingi 36 mwanzoni mwa mwaka ilivuka 60 kabla ya mwaka kwisha. Mradi wa mpunga wa Delta ya Tana, uliojengwa na TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, kwa mkopo wa Japani, uliingia katika miaka hiyo ukiwa na deni la yeni, sarafu iliyokuwa ikipanda, na tegemeo la mpunga uliouzwa kwa shilingi, sarafu iliyokuwa ikishuka. Kisha mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaiharibu mitaro, na deni halikuchukuliwa na maji. Hadithi hiyo ni ya Mackinnon tena. Huko Nigeria, naira ilipoachiwa mwaka 2023, GlaxoSmithKline ikatangaza kuondoka na Procter & Gamble ikatangaza kuacha kutengeneza bidhaa huko; na shilingi yetu yenyewe ilifika takriban 160 kwa dola mwezi wa Januari 2024 kabla ya kurudi kwenye 130.

Kampuni ina njia tatu za kujiokoa: kupandisha bei, kupunguza ujira, au kuondoka na kudai fidia. Mwanakijiji wa Ngao hana hata moja, maana hawezi kuuhama mto wala kudai fidia kwa kuwa mbolea na mafuta ya pampu vimepanda bei. Kwa hiyo tangu mwaka 2008, ambapo miradi ya miwa na ya mbegu za mafuta imekuwa ikitangazwa kwa ajili ya ardhi ya delta, maswali ya wazee katika mabaraza yamekuwa juu ya ekari, maji na malisho, nayo ni maswali ya haki. Historia ya mto huu inaongeza swali moja la kuulizwa kabla ya kutia sahihi: kodi ya ardhi itahesabiwa kwa sarafu gani, deni la mradi ni la sarafu gani, na tofauti ikitokea baina ya hizo mbili, mkataba unamtaja nani kuwa mlipaji? Mkataba usiomtaja huwa umekwisha mchagua, na mara zote zilizosimuliwa hapa mlipaji alikuwa ni yule asiyekuwapo wakati hesabu ilipopigwa.