Sauti ya Kamaru yarejea Barabara Kuu ya Thika

Ukitoka Nairobi kwenda Thika, kabla hujafika Ruiru utapita Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapo ndipo aliposomea muziki kijana ambaye wapenzi wa muziki wa majaribio kule Ulaya wanamjua kwa herufi nne tu: KMRU. Anaishi Berlin, na nyimbo zake nyingi hazina gitaa wala mwimbaji. Hunasa milio ya mitaa na mvumo wa mitambo, kisha huitandaza polepole, na albamu yake ya 2020, Peel, ndiyo iliyomtoa. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, jina la babu yake, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka.

Babu mwenyewe, mfalme wa muziki wa Kikuyu, alifariki Oktoba 3, 2018. Tangu hapo mjukuu amekuwa akizitoa santuri na kanda za mzee kwenye makabati na kuziweka mtandaoni, hadi mwaka 2025 ulipotoka mkusanyo wa Heavy Combination 1966–2007. Ni albamu ya kurejea jukwaani bila mwenye jukwaa kuwepo. Miaka iliyo kwenye jina hilo inaeleza mengi: ni miongo minne ya mtu aliyebadilisha sauti yake mara nyingi kuliko wenzake wengi, na kila mara kuna waliomkasirikia.

Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Aliteremka Nairobi mwaka 1957, Hali ya Hatari ya wakoloni ikiwa bado haijaondolewa, kutafuta kazi. Muziki aliokulia ulikuwa mwomboko: kodiani, na karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachogongwa kwa kijichuma kingine, huku wachezaji wakipiga hatua mbili na kuinama. Mwaka 1967 akatoa "Celina" akiimba na dada yake, Catherine Muthoni, na jina lake likashika. Bendi yake ikajulikana kama Kamaru Celina Band, baadaye Kamaru Super Stars.

Miaka hiyo muziki wa benga ulikuwa unapanda kutoka Nyanza. Mradi wa Ketebul Music uliofuatilia safari ya benga, uliotolewa mwaka 2008, unaonyesha jinsi midundo ya Waluo ilivyochukuliwa na jamii nyingine na kuvishwa lugha zao. Kwa Wakikuyu, mlango mmojawapo ulikuwa Gatanga, vilima vilivyo juu ya mji wa Thika. Huko ndiko alikotoka Daniel Kamau, DK, aliyeanza kurekodi miaka ya 1960 akiwa bado mwanafunzi, akaja kuunda Lulus Band, na baadaye akawa diwani. Kamaru alibaki na uzito wa wahenga, mafumbo na methali. DK akaleta gitaa jepesi la kuchezesha. Mtu anaweza kubishana hadi asubuhi nani zaidi, na Thika bado wanabishana.

Pesa za kununua santuri zilitoka shambani. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa duniani, na wakulima kuanzia Ruiru hadi Murang'a wakashika noti ambazo hawakuwa wamezizoea. Sidhani ni bahati tu kwamba enzi ya dhahabu ya muziki huu iliangukia miaka hiyo hiyo.

Ugomvi nao haukukosa. Wimbo wa Kamaru uliowasema walimu wanaowafanya wanafunzi wao wapenzi ulikichoma chama cha walimu hadi kikatishia mgomo. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975 na mwili wake kuokotwa vilima vya Ngong, Kamaru alimwimbia, na serikali ikaupiga wimbo huo marufuku. Miaka ya 1980 mtu huyo huyo akatunga wimbo wa kumsifu Rais Moi na safari yake ya Japan. Waliomwita shujaa walikuna vichwa.

Lakini kishindo kikubwa kilikuwa bado. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kamaru aligundua soko jingine: maonyesho ya usiku ya watu wazima pekee. Mafumbo yale yale ya wazee, yaliyokuwa yakifundisha adabu, sasa yalivuliwa nguo. Kumbi zilijaa. Mtu aliyekuwa amewakemea walimu kwa sababu ya wasichana wa shule akawa ndiye anayechekesha walevi kwa maneno ambayo mama mkwe hapaswi kuyasikia. Kisha, mwaka 1993, akatangaza kwamba ameokoka. Bendi akaivunja. Badala yake akaja na injili. Mashabiki walihisi wamenyang'anywa kitu chao, na rekodi za injili hazikununuliwa kama zile za zamani. Hata hivyo ukiisikiliza sauti yenyewe, haikubadilika sana kama ilivyodaiwa: ni ile ile ya mzee anayekukalisha chini kukuonya. Kilichobadilika ni anayemtaja kuwa shahidi.

Kamaru alipoivunja bendi, nafasi ilijazwa na muziki wa mugithi. Mike Rua na wenziwe walionyesha kwamba mtu mmoja, gitaa moja na mashine ya ngoma vinatosha kuwapanga wateja wa baa nzima mstarini kama mabehewa ya treni. Mwenye baa alifurahi, maana analipa mtu mmoja badala ya wanane. Mpiga besi na mpiga ngoma wakarudi nyumbani. Sina chuki na mugithi, nimeingia kwenye foleni hiyo mara nyingi, ila tusijidanganye kwamba ni bendi.

Gatanga iliendelea kutoa watu. John DeMathew wa Mukurwe aliendelea na bendi wakati wengi walikuwa wameziacha, na akawakusanya wanamuziki wenzake katika chama cha akiba na mikopo, Tamco. Agosti 18, 2019, jioni ya Jumapili, akitoka kwenye harambee ya kumchangia mwanamuziki mwenzake mjini Thika, alifariki gari lake lilipogonga lori karibu na hoteli ya Blue Post, kwenye barabara kuu ambayo Rais Kibaki aliizindua mwaka 2012. Rais Uhuru Kenyatta alifika mazishini. Hotuba zilikuwa nyingi.

Serikali zetu za kaunti, Kiambu na Murang'a, zinajua kualika wasanii kwenye mikutano ya siasa. Kuhifadhi kanda zao ni kazi nyingine, na kazi hiyo mpaka sasa imefanywa na mjukuu aliye Berlin. Ya DK na Lulus, je, ataifanya mjukuu wa nani?