Nirejee Lini?

Dada yangu wa Tanga huvaa sweta mwezi Februari. Anayeijua Tanga ya Februari hahitaji kuambiwa kwamba hapo pana ugonjwa. Tezi yake ya shingo imelegea, anameza levothairoksini kila alfajiri, na bado anachoka na nywele zinanyonyoka. Majuzi alinipigia simu kunisomea majibu ya damu: TSH, homoni ya kuichochea tezi, 3.8. Mkononi alikuwa na kijitabu cha wagonjwa. "Kaka, hapa wameandika masafa rejea 0.4 hadi 4.0. Sasa nirejee lini?"

Sikucheka. Kamati iliyokaa, ikalipana posho na kuzaa "masafa rejea" haikumfikiria atakayeyasoma. Masafa tunayahesabu njiani au tunayatafuta kwenye redio. Marejeo yako mwisho wa kitabu. Daktari naye, kwa kulikwepa dude hilo, alimwambia majibu ni "ya kawaida", na hapo ndipo pabaya zaidi. Kawaida tumeipata kwa Waarabu, kutoka mzizi wa kukaa kitako (kazi ambayo kamati zetu zinaiweza), uleule uliotupa mwezi wa Dhulkaada. Kilichokaa kikawa msingi, msingi ukawa kanuni, na sisi wenyewe tukaongeza kwamba kawaida ni kama sheria. Mgonjwa akishaambiwa "kawaida", kesi imefungwa. Akiendelea kulalamika, anadeka.

Ilhali tarakimu zile si sheria. Hupimwa damu za watu wanaoonekana wazima, wakaondolewa asilimia 2.5 wa chini kabisa na 2.5 wa juu kabisa, wakabaki 95. Kwa hiyo napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza kwa barua isiyojibiwa, "wigo wa wazima". Wigo ni ua wa miti au miiba. Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe aliye ndani ya wigo anaweza kuumwa, na aliyeruka nje akawa hana neno. Huenda TSH ya dada ilikuwa 1 enzi za nguvu zake. Leo yumo wigoni bado, ila amesogea hadi kwenye miiba. Haya, semeni hivyo kwa masafa rejea.

Mwenzangu mmoja, hodari wa kukosoa asichoweza kukitunga, ananionya kwamba "wazima" itachanganywa na watu wazima. Na ichanganywe! Wigo wa watoto wachanga ni mwingine, hivyo hata kosa hilo lina faida.

Matumizi: "TSH yako imo katika wigo wa wazima lakini dalili zipo, basi tupime T4 huru, wingi wa damu na vitamini B12." Na levothairoksini ipishane kwa saa 4 na vidonge vya madini ya chuma. Dada alikuwa akivimeza vyote kwa mkupuo mmoja, akishushia na chai ya maziwa. Hilo, nakiri, kijitabu kimelieleza vizuri, tena ukurasa uleule.