Sauti inapokatika: kumsaka mkosaji ndani ya Linux

Msikilizaji kutoka Afrika Mashariki anayeishi Deira, Dubai, hupata taarifa ya habari ya nyumbani kwa kompyuta, kwani mawimbi ya FM ya Mombasa au Dar es Salaam hayavuki bahari. Sauti ikianza kukwaruza na kukatika, lawama ya kwanza huangukia intaneti, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini ikiwa hata taarabu iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe inakatika, na hitilafu ilianza baada ya mfumo wa Linux kusasishwa, hapana budi kuitazama kerneli, yaani kiini cha mfumo.

Ndani ya kerneli mna mratibu wa zamu, ambaye huamua ni programu ipi itumie kichakataji na ipi ingoje. Zamu zikivurugika, sauti ndiyo huumia kwanza. Muziki wa kiwango cha CD huhitaji sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto. Programu hujaza akiba ndogo na kadi ya sauti huitumia. Akiba ya sampuli 1,024 hudumu takriban milisekunde 23 tu. Zamu ikichelewa kupita hapo, akiba hukauka na sikio husikia mkwaruzo. Barua pepe ikichelewa kiasi hicho, nani atajua?

Malalamiko haya si mapya. Mwezi Machi 2007 Con Kolivas, daktari wa usingizi nchini Australia aliyejifunza mwenyewe kazi ya kerneli, alitoa mratibu anayegawa zamu kwa usawa, akiwatetea watumiaji wa kawaida. Mwezi uliofuata Ingo Molnar alitoa mratibu wake, CFS, akikiri kuwa kazi ya Kolivas ndiyo iliyoonyesha njia. CFS ndiye aliyekubaliwa, katika toleo la 2.6.23 la Oktoba 2007. Kolivas alikuwa amekwishajitoa. Nafasi ya CFS ilichukuliwa na EEVDF katika toleo la 6.6, Oktoba 2023. Mageuzi ya namna hii huwafaa wengi, lakini huweza kumwumiza mtu mmoja mwenye kompyuta ya mtumba aliyoinunua Bur Dubai, naye asijue kwa nini.

Mtu huyo hahitaji kuwa mtaalamu ili kumpata mkosaji. Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko la kerneli kwa mpangilio, na amri yake ya "git bisect" hukata safu hiyo katikati. Mtumiaji huunda kerneli ya hapo katikati, huiwasha, husikiliza, kisha hujibu: nzima au mbovu. Nusu moja huachwa, nyingine hukatwa tena. Mabadiliko 10,000 humalizika kwa majaribio yapatayo 14.

Ugumu uko kwenye sikio. Hitilafu inayotokea mara mojamoja hudanganya, na jibu moja la uongo hupotosha msako wote. Kwa hiyo kila kerneli hupimwa kwa wimbo uleule na kazi nzito ileile pembeni, kwa muda wa kutosha. Kuunda kerneli kwenye kompyuta kuukuu huweza kuchukua saa kadhaa, isipokuwa viendeshi visivyohitajika viachwe nje. Badiliko likipatikana, huondolewa peke yake kwenye kerneli mpya. Sauti ikitengemaa, ushahidi umekamilika.

Ushahidi huo hupelekwa kwa wasimamizi wa mratibu. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba badiliko linaloharibu kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji ni kosa la kerneli, si la mtumiaji. Wakati wa kusubiri marekebisho, akiba ya sauti yaweza kuongezwa, au kompyuta ikawashwa kwa kerneli ya awali, ambayo mifumo mingi huibakiza baada ya kusasishwa.