Madhara ya tiba mseto katika baridi yabisi

Tiba mseto ya baridi yabisi ni matumizi ya dawa mbili au zaidi kwa wakati mmoja ili kuituliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo vya mwili huohuo. Mitaani jina baridi yabisi hubandikwa kwenye maumivu yoyote ya viungo. Hapa linahusu ugonjwa mmoja tu, ule unaovimbisha viungo vidogo vya mikono na miguu kwa pande zote mbili, unaowaandama wanawake kuliko wanaume, na ambao usipotibiwa hula mifupa na kupinda vidole. Neno mseto nalo wengi wamelizoea kutokana na malaria, ambako dawa mbili hufungwa ndani ya kidonge kimoja na kumezwa kwa siku 3. Mseto wa baridi yabisi ni wa miaka, pengine wa maisha, na kila dawa iliyomo huongezwa, hupunguzwa au huondolewa kivyake. Ndiyo maana mgonjwa, na mara nyingine hata tabibu wake, hukimbilia hesabu nyepesi: dawa moja ina madhara yake, mbili zina maradufu, tatu ni kujitafutia balaa. Hesabu hiyo haisimami mbele ya ushahidi. Cha kupima ni mahali ambapo madhara ya dawa moja hukutana na ya nyingine, iwe kwenye ini, uboho, figo, tumbo au kinga. Idadi ya vidonge haisemi mengi.

Hesabu ya zamani ilitikiswa mwaka 1996 nchini Marekani, James O'Dell na wenzake walipochapisha matokeo ya wagonjwa 102 ambao angalau dawa moja ilikuwa imeshindwa kuwapa nafuu ya kutosha. Waligawanywa makundi 3: methotreksati peke yake, salfasalazini pamoja na haidroksiklorokwini, na dawa zote 3 kwa pamoja. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi na kuidumisha kwa miaka 2 bila madhara makubwa walikuwa asilimia 77 kwenye kundi la dawa 3, asilimia 40 kwenye kundi la dawa 2, na asilimia 33 kwa waliomeza methotreksati pekee. Walioachishwa tiba kwa sababu ya madhara walikuwa 7 kwenye methotreksati pekee, na 3 katika kila kundi jingine. Idadi hizo ni ndogo mno kumpa mtu haki ya kudai kwamba dawa 3 ni salama kuliko moja. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba madhara hayarundikani kama mawe ndani ya gunia. Ukitazama kila dawa inapoelemea, sababu inaonekana. Methotreksati huzuia mwili kutumia foleti, kwa hiyo mzigo wake huangukia uboho, utando wa kinywa na ini, na asidi ya foliki huupunguza. Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ya malaria, karibu haigusi uboho wala ini. Jicho ndilo la kulindwa, na hilo huchukua miaka. Salfasalazini huleta kichefuchefu na vipele, na mara chache hushusha chembe nyeupe za damu, zaidi katika miezi ya mwanzo. Mengi ya haya ni yale ambayo wauguzi wetu huyaita maudhi: yanakera, yanapita, au yanakoma dozi ikipunguzwa.

Upande wa pili wa mizani mara nyingi huachwa mtupu, kana kwamba asiyemeza dawa hapati madhara. Utafiti wa COBRA, uliofanywa Uholanzi na Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1997, uliujaza upande huo. Wagonjwa 155 waliokuwa na ugonjwa mchanga walipewa ama salfasalazini pekee, ama salfasalazini pamoja na methotreksati na prednisoloni, dawa ya steroidi iliyoanza kwa miligramu 60 kwa siku na kushushwa haraka. Walioacha tiba njiani walikuwa asilimia 8 kwenye mseto na asilimia 29 kwenye dawa moja. Cha kuvutia zaidi ni kilichotokea baadaye. Prednisoloni ilipoondolewa, tofauti ya maumivu na uvimbe kati ya makundi ilififia, lakini picha za eksirei za wiki ya 80 bado zilionyesha mifupa ya kundi la mseto imeharibika kwa kiasi kidogo kuliko ya kundi la dawa moja. Kichefuchefu huisha, mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Anayepima madhara ya dawa bila kupima madhara ya ugonjwa anapima kwa kitanga kimoja.

Hata hivyo, kanuni hii ya kuangalia mahali pa kukutana inakata pande zote mbili. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 244 uliounganisha dawa mbili za kibayolojia, etanasepti na anakinra, zote zikizima ishara za kinga. Maambukizi makali hayakumpata hata mgonjwa mmoja kati ya waliotumia etanasepti bila anakinra, ila yalifika asilimia 7.4 pale anakinra ilipoongezwa juu ya dozi kamili ya etanasepti, na nafuu haikuongezeka. Tangu hapo kuchanganya dawa mbili za kibayolojia kumebaki jambo la kuepukwa. Methotreksati na leflunomidi, dawa nyingine ya ugonjwa huu, zote hulielemea ini, kwa hiyo mseto wao huwezekana tu chini ya uangalizi wa karibu. Na mseto unaozoeleka kuliko yote, yaani prednisoloni pamoja na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, ndio unaostahili kuogopwa kuliko unavyoogopwa: utafiti wa mwaka 1991 kuhusu wazee wa Tennessee uliona kwamba waliotumia zote mbili walikuwa na hatari ya vidonda vya tumbo takriban mara 15 ya wale wasiotumia hata moja.

Tukifika Afrika Mashariki, hoja hii inapata makali. Mseto ulioandikwa kliniki una mtu anayeufuatilia. Ule unaoundwa bila kukusudiwa hauna mwenyewe: methotreksati ya hospitali, diklofenaki ya duka la dawa, na kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin, ya kikohozi au ya kuharisha. Kotrimoksazoli nayo hushambulia njia ya foleti, tena hubanana na methotreksati kwenye mlango wa figo, na matokeo yanaweza kuwa uboho kuacha kutengeneza damu. Wanaoishi na VVU huweza kupewa kotrimoksazoli kila siku kama kinga, kwa hiyo mkutano huu si wa kufikirika. Hatari nyingine haihitaji hata dawa ya pili: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, na akiimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine, mgonjwa anaweza kufa. Kifua kikuu nacho hujificha mwilini kwa miaka na huweza kuamka dawa zinazozuia TNF, mojawapo ya ishara za kinga, zinapoanzishwa. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walieleza visa 70 vya kifua kikuu vilivyofuata matumizi ya infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, kupima kabla ya kuanza ni sehemu ya dawa yenyewe.

Kuna pingamizi la haki kwamba tafiti hizi ni za mwaka mmoja au miwili, kwa wagonjwa waliochaguliwa. Ni kweli. Haidroksiklorokwini ndiyo mfano wake: kwa dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito kwa siku, hatari ya kuharibika retina iko chini ya asilimia 1 katika miaka 5 ya kwanza na chini ya asilimia 2 hadi miaka 10, lakini hukaribia asilimia 20 baada ya miaka 20. Utafiti wa miaka 2 usingeliona hilo. Jibu lake ni kupima macho kwa ratiba, kwa kuwa dhara linalojulikana mahali linapotua linaweza kuwindwa. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: je, mseto wa dawa nyingi tangu mwanzo unahitajika? Utafiti wa CareRA wa Ubelgiji ulionyesha kwamba methotreksati pamoja na prednisoni, ndugu wa prednisoloni, inayoshushwa ilifanya kazi karibu sawa na miseto mikubwa, kwa madhara machache zaidi. Kwa hiyo aliye mwanzoni mwa ugonjwa hana sababu ya kumeza dawa 3 kwa pupa. Dawa huongezwa pale iliyopo isipotosha. Hilo halifufui hesabu ya zamani. Linasema tu kwamba kila dawa inayoongezwa sharti iwe na kazi. Na pale ambapo picha kamili ya damu, kipimo cha ini na cha figo havipatikani kila baada ya miezi 2 au 3, ni busara kuongeza haidroksiklorokwini, isiyodai vipimo vingi vya damu, kuliko leflunomidi.

Prednisoloni yafaa ipewe jicho la pekee, kwa sababu huleta nafuu ya haraka na kwa hiyo huwa ngumu kuachana nayo. Utafiti wa GLORIA wa mwaka 2022, kwa wagonjwa wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta hata miligramu 5 kwa siku kwa miaka 2 zilipunguza ugonjwa na uharibifu wa viungo, ila madhara yaliyofuatiliwa yaliwapata asilimia 60 ya walioitumia dhidi ya asilimia 49 ya waliopewa kidonge kitupu, mengi yakiwa maambukizi. Ndiyo maana mseto unapopunguzwa, prednisoloni hutangulia kuondoka, tena polepole, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huhitaji muda kuanza tena kazi zilizokuwa zimeachiwa kidonge. Kwa mwanamke anayetaka kushika mimba mpangilio hugeuka: methotreksati na leflunomidi ndizo hutangulia, kabla ya mimba, leflunomidi ikioshwa mwilini kwa kolestiramini, huku salfasalazini na haidroksiklorokwini zikiweza kubaki.